Miaka ya Godauni

Mwaka 1963 jamaa mmoja wa miaka 25 kutoka Tacoma, mji wa bandari katika jimbo la Washington, Marekani, alijiunga na ziara ya wachezaji bolingi wa kulipwa. Akacheza mashindano saba. Kwa yote saba hakutia mfukoni hata senti. Akafunga mabegi, akarudi nyumbani, akarudia kazi yake ya usiku: kuendesha foklifti kwenye godauni la kampuni ya vyakula.

Jina lake Earl Anthony. Mwaka 2009, chama cha mchezo huo, PBA, kilipotimiza miaka 50 ya ziara yake na kutangaza orodha ya wachezaji wake 50 bora wa nyakati zote, yeye ndiye aliyekuwa nambari moja.

Nataka tuongee kuhusu kilichotokea kati ya hizo tarehe mbili, hasa ile miaka ya mwanzo ambayo watu huiruka. Lakini kwanza niwaambie nilikutana naye vipi, kwa sababu mimi si mtu wa bolingi. Nimecheza mara moja tu, na nitawaambia pia vile ilienda.

*

Ilikuwa saa tisa usiku. Nilikuwa kejani, Kahawa West, blanketi mabegani, naandika insha ya mwanafunzi wa chuo kikuu cha Marekani ambaye sitawahi kumjua jina. Kama uko Nairobi, una laptop na hauna kazi, hii biashara unaijua. Mtu wa ng'ambo anapewa insha na mwalimu wake, anailipia, mwenye akaunti huku anakata chake, na wewe uliye chini kabisa unaandika. Kulikucha, ametuma kwa mwalimu. Wewe unalala.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Nikisema niliacha naonekana kama niliamua. Ukweli ni kwamba karo ilinishinda semista moja, nikaambiwa nitulie nirudi mwaka unaofuata, na mwaka unaofuata ukapita kama matatu iliyojaa. Kwa hivyo sasa naandikia watu insha ili wao wahitimu. Si kazi ya kujivunia, na siku nyingine nitaiandikia makala yake. Kwa leo tosheka kujua kwamba mada ya usiku huo ilikuwa burudani ya wafanyakazi wa Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kurasa nane, na kwamba nilihitaji paragrafu moja tu kuhusu bolingi.

Nikaanza kusoma saa tisa. Adhana ya alfajiri ilinikuta bado namsoma Earl Anthony, na insha haijafika ukurasa wa tatu.

*

Wengi wetu bolingi tunaijua kama kitu cha mall. Deti ya kwanza, bathdei ya mtoto wa bosi, viatu vya kukodisha vinavyonuka miguu ya watu wengine. Ni mchezo wa watu wenye pesa ya kuchezea. Ndiyo maana ilinichukua muda kuelewa kwamba kule Marekani, katikati ya karne iliyopita, ulikuwa mchezo wa watu wa viwanda. Kampuni zilikuwa na timu, na watu wa zamu moja walishindana na wa zamu nyingine. Ilikuwa kama vile huku kila kampuni kubwa iliwahi kuwa na timu yake ya kandanda.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Kuna njia ya mbao, wenyewe huiita leni, yenye urefu wa futi 60, karibu mita 18, kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya kwanza. Mwishoni kuna pini kumi zimepangwa kwa pembetatu. Unaviringisha mpira mzito, usiozidi kilo saba na kidogo, ukiziangusha. Mchezo mmoja una fremu kumi, na kila fremu una nafasi mbili. Ukiangusha zote kwa mrusho wa kwanza, hiyo ni straiki. Ukimalizia kwa wa pili, ni spea. Straiki 12 mfululizo zinakupa pointi 300, na juu ya hapo hakuna kitu.

Zamani pini zilikuwa zinapangwa upya na vijana waliokaa nyuma ya leni, wakikwepa mipira na kulipwa kidogo. Baada ya vita zikaja mashine za kupanga pini zenyewe, na kuanzia miaka ya 1950 kumbi za bolingi zikamea kila mahali. Mwaka 1958 wakili mmoja wa Akron, Ohio, aitwaye Eddie Elias, akawakusanya wachezaji 33 wakaanzisha PBA. Mwaka 1962 kituo cha runinga cha ABC kikaanza kuonyesha fainali zao Jumamosi alasiri, na kikaendelea hadi 1997. Na ikiwa unafikiri huu ulikuwa mchezo mdogo, sikia hii: mwaka 1964 kampuni ya mipira ya bolingi, Ebonite, ilimpa mchezaji Don Carter mkataba wa matangazo wa dola milioni moja. Inasemekana hakuna mwanamichezo mwingine, wa mchezo wowote, aliyekuwa amepewa mkataba wa namna hiyo kabla yake.

Kwa hivyo Anthony alipotoka Tacoma mwaka 1963, alikuwa anakimbilia mahali ambapo pesa ilikuwa inaonekana kwa macho.

*

Hakuwa ameanza na bolingi. Ndoto yake ilikuwa besiboli. Alikuwa mrushaji, wa mkono wa kushoto, na aliwahi kuonwa na timu ya Baltimore Orioles. Jeraha likaizima hiyo ndoto. Bolingi aliishika akiwa na miaka 21, umri ambao wengine tayari ni mabingwa, na aliishika kwa njia ya kawaida kabisa: watu wa kazini walikuwa na ligi.

Sasa, kitu ambacho lazima ukijue kuhusu mchezaji bolingi wa kulipwa ni kwamba jina linadanganya. Neno "kulipwa" linakufanya ufikirie mshahara. Hakuna mshahara. Unalipa mwenyewe ada ya kuingia mashindano, unalipa mafuta ya gari, moteli na chakula. Ukifika unacheza michezo mingi sana kwa siku chache, na kundi la juu tu ndilo linaondoka na hela. Wengine wote wamecheza wiki nzima bure, tena kwa hasara, na Jumatatu safari ya mji mwingine inawangoja. Wengi walitafuta mtu wa kuwadhamini ili wagawane kitakachopatikana.

Nilipofika hapo nilisimama nikachemsha chai. Msee, hiyo si ni kazi yangu? Unaandika kurasa nane, mteja anasema insha haikumridhisha, hela inarudi kwake, na insha anabaki nayo.

Mashindano saba bila senti. Ukiyaangalia kwa hesabu hiyo, kurudi kwenye foklifti haikuwa woga. Pesa iliisha.

*

Kutoka hapo simulizi nyingi zinafanya kitu ambacho nimekuja kukichukia. Zinasema: alirudi nyumbani, akafanya mazoezi, na mwaka 1970 akashinda taji lake la kwanza. Koma moja, imekula miaka saba.

Hebu tuirudishe hiyo miaka. Usiku anainua makreti. Mchana anaenda kurusha mpira. Leni ya bolingi ina mbao 39 zilizolala sambamba kwa urefu, na mchezaji mzuri haangalii pini. Anaangalia mishale iliyochorwa sakafuni, futi kama 15 kutoka anaposimama, na anajaribu kupitisha mpira juu ya ubao mmoja aliouchagua. Mbali kule pini zitajijibu zenyewe. Kwa mtu wa mkono wa kushoto, mpira unatakiwa kujipinda na kuingia kati ya pini ya mbele na ile iliyo nyuma yake upande wa kushoto. Ukikosea kwa upana wa ubao mmoja, straiki inageuka kuwa pini mbili zilizosimama mbalimbali zikikucheka.

Na leni yenyewe haikai ilivyo. Hupakwa mafuta, na kila mpira unaopita unayasukuma na kuyabeba. Njia iliyokuwa inateleza saa nne asubuhi inashika saa nane mchana. Kwa hivyo ustadi wa kurusha vilevile kila mara ni nusu tu. Nusu ya pili ni kusoma kitu usichokiona, na kuhama ubao mmoja au miwili kabla hujaadhibiwa.

Hicho ndicho alichokijenga. Hakuwa na nguvu ya kutisha. Alikuwa na mwendo uleule, hatua zilezile, mkono uleule unaotoka palepale. Ukitazama video zake za baadaye utafikiri mtu amerekodi mrusho mmoja akaurudia. Spea hakuziacha ovyo. Wakati wengine wanatafuta straiki ya kushangiliwa, yeye anaokota pini moja iliyobaki pembeni, anarudi kukaa.

Juni 1970, huko Seattle, karibu kabisa na kwao, alishinda taji la kwanza la PBA. Alikuwa na miaka 32.

*

Baada ya hapo mambo yalienda kasi, kwa hivyo nami nitaenda kasi.

Mwaka 1973 alichukua ubingwa wa kitaifa wa PBA. Huo ndio mwaka ambao mchezaji mwingine, Don McCune, alitamba kwa ujanja wa ajabu: alikuwa analoweka mpira wake kwenye kemikali kali ili ngozi ya mpira ilainike na kushika leni vizuri. Akashinda mataji sita na kuwa Mchezaji Bora wa Mwaka. Baadaye chama kikaweka kipimo cha ugumu wa mpira, na ndoo za kemikali zikaisha.

Mwaka 1974 ukawa wa Anthony. Alipata dola 99,585. Hesabu mwenyewe: alikosa dola 415 kufika laki moja, kiasi ambacho hakuna mchezaji bolingi aliyewahi kukifikia kwa msimu mmoja. Mwaka 1975 akashinda mataji saba na kupata dola 107,585, wa kwanza katika historia ya mchezo huo. Mwaka 1976 akapita tena. Miaka hiyo mitatu mfululizo alikuwa Mchezaji Bora wa Mwaka.

Unafikiri walimpenda? Wengine walilalamika ati watu wa mkono wa kushoto wanapewa kitonga. Hoja yao ilikuwa na mantiki: wachezaji wengi ni wa mkono wa kulia, kwa hivyo upande wa kulia wa leni unachakaa na mafuta yake yanavurugika haraka, huku mashoto wachache wana upande wao msafi. Ni kweli kwamba hiyo ilisaidia siku nyingine. Lakini mashoto walikuwa wengi kwenye ziara, na hawakuwa wanashinda mataji saba kila mmoja.

Wengine walimwona anachosha. Nywele fupi za kijeshi, miwani mikubwa, uso usiosema kitu. Miaka ya sabini, wakati kila mtu anafuga nywele na kuvaa suruali za kupepea, yeye alionekana kama karani wa benki aliyepotea njia. Walimpa jina "Square Earl", yaani Earl asiyejua mambo. Akipiga straiki ya ushindi alikuwa anageuka tu na kurudi kwenye kiti.

Nimemtazama mara nyingi kwenye hizo video za zamani, rangi zimechuja, watazamaji wamekaa nyuma yake karibu kabisa. Fainali za runinga zilipangwa kama ngazi: wa tano anacheza na wa nne, mshindi anapanda kwa wa tatu, hivyo hivyo hadi wa kwanza, ambaye amekaa akingoja. Anthony akiwa amengoja ndiye aliyenivutia zaidi kuliko Anthony akirusha. Hachezi na mikono. Hatikisi mguu. Amekaa kama mtu aliyezoea kumaliza zamu.

*

Halafu dunia ikabadilika, vile hubadilika.

Alikuja kijana wa Brooklyn, Mark Roth, mkono wa kulia, anakimbia hadi kwenye mstari na kuuzungusha mpira kwa nguvu iliyomvua ngozi ya kidole gumba. Pini zilikuwa zinalipuka. Mwaka 1978 Roth alishinda mataji manane, akavunja rekodi ya saba ya Anthony. Watoto wote walianza kutaka kurusha kama Roth, na ukitazama bolingi ya leo, ya kina Jason Belmonte wa Australia anayerusha kwa mikono miwili, utaona mchezo ulimfuata Roth. Haukumfuata Anthony.

Mwaka huohuo, Juni 1978, Anthony alipata mshtuko wa moyo. Alikuwa amefikisha miaka 40 miezi miwili iliyopita.

Ukiwa mwandishi wa hadithi hapo ungemaliza. Roth anapanda, mzee anaanguka, mapazia. Lakini alirudi kwenye ziara, na kwa miaka miwili Roth na wengine ndio walioongoza. Halafu ikaja 1981. Anthony akaongoza kwa mapato, akachukua ubingwa wa kitaifa, akawa Mchezaji Bora wa Mwaka. Akarudia 1982. Akarudia 1983. Miaka mitatu mfululizo tena, akiwa na miaka 43, 44, 45. Ushindi wake wa ubingwa wa kitaifa wa 1982 ndio uliomfanya kuwa mchezaji bolingi wa kwanza kupita dola milioni moja za mapato ya mashindano.

Kitu kimoja hakukipata. US Open, mojawapo ya mashindano magumu zaidi ya mchezo huo, alifika fainali zaidi ya mara moja na hakuwahi kuishinda. Napenda kwamba hiyo nafasi iko wazi. Inanisaidia kuamini zile nyingine.

*

Hapa ningeweza kuwapa somo: vumilia, fanya kazi usiku, siku yako itafika. Ni somo tamu, na kuna watu Nairobi wanauza tiketi za kulisikia hotelini.

Lakini kuna kitu nilikiona kwenye usomaji uleule wa saa tisa usiku, na kingekuwa uongo kukiacha. Shirikisho kubwa la mchezo huo, American Bowling Congress, lilikuwa na kifungu kilichoandikwa wazi kwamba uanachama ni wa wanaume weupe tu. Kifungu hicho kilikaa kuanzia 1916 hadi 1950. Wamarekani Weusi walianzisha chama chao, National Negro Bowling Association, mjini Detroit mwaka 1939, na ilibidi vyama vya wafanyakazi, hasa cha watu wa viwanda vya magari, na wanasiasa kama Hubert Humphrey wapige kelele, na kesi ziende mahakamani, ndipo kifungu kikaondolewa. Anthony alikuwa na miaka 12.

Mchezaji wa kwanza Mweusi kushinda taji la PBA ni George Branham III, mwaka 1986. Nyinyi hesabuni: miaka 36 baada ya kifungu kufutwa kwenye karatasi.

Hii haimpunguzii Anthony mrusho hata mmoja. Lakini aliposhindwa mwaka 1963 alikuwa na mahali pa kurudi: kazi yenye mshahara, ukumbi wa kufanyia mazoezi bila mtu kumuuliza anatafuta nini, na mlango uliobaki wazi miaka yote ile. Bila shaka kulikuwa na mtu kwenye godauni la mji mwingine aliyekuwa na mkono mzuri kama wake. Yule alinyimwa hata nafasi ya kushindwa mashindano saba.

Nafikiria sana kuhusu hilo. Niliwahi kukaa darasani na jamaa aliyekuwa mkali kuliko sisi wote kwa hesabu. Tuliacha chuo semista moja, kwa sababu moja. Mimi nilikuwa na binamu mwenye laptop ya zamani. Yeye hakuwa nayo. Mara ya mwisho kuonana alikuwa anapakia mchanga kwa lori Juja, na alinisalimia kwa furaha sana, na mimi nikaharakisha kuondoka.

*

Mwisho wa Anthony ni mfupi. Alistaafu katikati ya miaka ya themanini akiwa na mataji 41. Alinunua ukumbi wa bolingi huko Dublin, California, akatangaza mchezo kwenye runinga. Mwaka 1987 alirudi kucheza tena, akashinda pia kwenye ziara ya wakongwe, na mwaka 1991 akaacha kabisa. Agosti 14, 2001, akiwa mgeni nyumbani kwa rafiki yake huko Wisconsin, alianguka kwenye ngazi akafariki. Alikuwa na miaka 63.

Mwaka 2006 Walter Ray Williams Jr. alishinda taji la 42 na kuivunja rekodi yake. Halafu mwaka 2008 PBA ikabadilisha kanuni: mashindano ya Masters ya shirikisho yangehesabiwa kuwa mataji ya ziara, hata yale ya zamani. Anthony alikuwa ameshinda Masters mwaka 1977 na 1984. Kwa hivyo, miaka saba baada ya kuzikwa, aliongezewa mataji mawili. Sasa ana 43. Williams alishafika mbali zaidi, aliishia 47, lakini hilo halinisumbui. Kinachonifurahisha ni kwamba kazi ilifanywa 1977, na karani aliiandika 2008.

*

Wiki chache baada ya ile insha, nilienda kucheza. Mall moja ya huku, Jumanne mchana, siku ambayo bei iko chini. Nilivaa vile viatu. Nilisimama nikaangalia mishale, nikachagua ubao wangu kama mtu anayejua, nikarusha. Mpira ukaingia mtaroni kabla hata haujafika kwenye mishale. Dada wa kaunta aliniuliza kama nataka waniinulie zile reli za watoto.

Nilipata 61. Kwa 300.

Nikiwa kwenye matatu kurudi, Mama alipiga simu kutoka Nakuru. Anauza mitumba pale sokoni na hupiga simu saa kumi, wateja wakipungua. Binti ya mjomba anahitimu Novemba, familia nzima inaenda, watakodi gari. "Utakuja, baba?" Kisha, polepole zaidi, kwa sababu yeye anajua ukweli na wengine hawajui: "Watakuuliza yako ni lini."

Nimewaza sana kuhusu mtu kwenye foklifti mwaka 1966. Sisi tunajua 1970 inakuja, ndiyo maana tunaiita miaka ile maandalizi. Yeye hakuwa na kalenda yetu. Jumanne moja ya 1966, kama kuna binamu aliyemuuliza siku hizi anafanya nini, jibu la kweli lilikuwa kwamba anafanya kazi ya usiku kwenye godauni na mchana anacheza bolingi. Hilo tu. Lilikuwa jibu kamili, na halikuhitaji 1970 ili liwe la kweli.

Nilimwambia Mama nitakuja. Wakiniuliza, nitasema sikumaliza, karo ilinishinda, na kwamba naandika.

Alikaa kimya kidogo. Nikasikia mteja akiuliza bei ya sweta.

"Sawa," akasema. "Lakini uje na shati lililopigwa pasi."

Ile insha ya kurasa nane, kwa wanaouliza, ilipita. Paragrafu ya bolingi ilikuwa na sentensi nne. Earl Anthony sikumtaja. Nilimweka kwa hii.